Mabishano ya mkimbiaji na kichwa chake

*Kutoka Mkuza, Kibaha, hadi kwenye mpando wa Kisarawe, watu wanaokimbia alfajiri wanapambana na sauti inayowaambia warudi nyumbani. Wapo wanaoifukuza kwa nyimbo, wapo wanaoisikiliza. Nani yuko sahihi?*

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi ya Jumamosi, Pugu Kajiungeni imeshaamka. Daladala zinaita abiria wa mjini, wauza chapati na supu wanapepea mikaa, bodaboda wamejipanga wakisubiri watu wa Chanika na wa Kisarawe. Barabara inagawanyika hapa. Anayeshika ya Kisarawe kwa miguu yake mwenyewe, raba amezikaza kwa mafundo mawili, hachelewi kukutana na mpando ambao hata lori lenye shehena hulazimika kushusha gia.

Mbele yake kuna vilima vya Pugu na msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi, kisha Minaki, kisha mji wa Kisarawe. Wakimbiaji wa mwisho wa wiki wanaupenda mpando huu na wanauogopa. Wanaupenda kwa sababu ya kivuli na hewa ya msituni. Wanauogopa kwa sababu ndipo kichwa kinapoanza kusema.

Kinaanza kwa upole. Miguu leo mizito, ungelala tu. Kisha kinapandisha sauti. Wenzako wameshakuacha. Umri umekwenda. Ada ya mtoto hujamaliza, nawe uko barabarani unahangaika na mbio. Wale vijana wa bodaboda wanakucheka. Mwisho kinatoa amri: simama, geuka, panda daladala.

Wengi wanatii. Si wote wanaotii wamechoka kweli, na si wote wanaokataa kutii wanafanya jambo la busara. Hapo ndipo penye ubishi ambao makala hii inaufuata katika wilaya mbili za Mkoa wa Pwani zinazopakana na jiji la Dar es Salaam.

Mbio zimekuwa za kila mtu

Zamani mtu mzima akionekana anakimbia barabarani asubuhi bila kufukuzwa, majirani waliulizana amepatwa na nini. Leo Maili Moja, Picha ya Ndege, Tumbi na Kisarawe mjini kuna vikundi vya jogingi vyenye fulana za sare, filimbi, bendera na kiongozi wa nyimbo. Kuna walimu, wauguzi, mafundi seremala, mama lishe, wastaafu. Wengine wametumwa na daktari baada ya kipimo cha sukari au presha. Wengine wamevutwa na marathoni zilizoenea nchini, kama ile ya hisani ya Benki ya CRDB jijini Dar es Salaam na ya Kilimanjaro kule Moshi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa hesabu hiyo, nusu saa kwa siku tano inatosha. Mwili wa mtu wa kawaida unaziweza dakika hizo. Kinachowatoa watu barabarani baada ya wiki chache mara nyingi ni yale maneno ya njiani, yanayorudi kila asubuhi hadi mtu anaanza kuyaamini.

Bingwa wa Mkuza

Ukitoka Maili Moja kuelekea Mlandizi unapita Mkuza, mahali ambapo mwanariadha Filbert Bayi alijenga shule na kituo cha michezo kupitia taasisi yake. Timu za taifa zimewahi kupiga kambi pale. Watoto wanaosoma hapo hawakuwa wamezaliwa, na wengi wa wazazi wao hawakuwa wamezaliwa, Februari 2, 1974, siku ya fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand.

Bayi alikuwa na miaka 20. Bastola ilipolia alikwenda mbele na hakurudi nyuma tena hadi utepe. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.16, akaifuta rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun iliyokuwapo tangu 1967. John Walker wa New Zealand alimfukuza hadi hatua za mwisho, naye akamaliza chini ya rekodi ya zamani. Muda ule wa Bayi ulibaki kuwa rekodi ya michezo hiyo hadi Birmingham, 2022.

Wanaosimulia mbio hizo hutaja sekunde. Mimi kinachonishangaza zaidi ni mahali alipojiweka. Mkimbiaji aliyeko mbele peke yake hana mgongo wa kuutazama. Aliyeko nyuma anaweza kumwachia mwenzake kazi ya kuamua kasi, akawa anafuata tu. Aliyeko mbele anasikia nyayo na pumzi za watu asiowaona, na kila hatua ina swali lake: nimewahi mno? Wananifikia? Nguvu zitafika? Bayi aliyachagua maswali hayo kwa makusudi, mbio baada ya mbio, akiwa kijana mdogo kutoka Karatu mbele ya uwanja uliojaa watu wanaomshangilia Walker.

Miaka sita baadaye, Olimpiki ya Moscow 1980, aliongoza tena, safari hii katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia na kumpita. Bayi alipata fedha. Hiyo na ile ya Suleiman Nyambui, aliyeshika nafasi ya pili katika mita 5,000 kwenye michezo hiyo hiyo, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kuzipata.

Mtindo mmoja, basi, ulimpa rekodi Christchurch na ukamponyoka Moscow. Hofu ya kupitwa ilikuwa ile ile mara zote mbili. Mara ya kwanza haikutimia, mara ya pili ilitimia, na mwanariadha aliyeko katikati ya mbio hana namna ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Mtu anayemwambia mkimbiaji kwamba mawazo mabaya yote ni uongo hajawahi kufukuzwa na Malinowski.

> Mtindo mmoja ulimpa Bayi rekodi Christchurch na ukamponyoka Moscow. Hofu ilikuwa ile ile mara zote mbili.

Ubongo hautoi hela yote

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba mtu husimama kukimbia kwa sababu misuli imeishiwa au moyo umefika mwisho wa uwezo wake. Tim Noakes, profesa wa Afrika Kusini, aliipinga hesabu hiyo. Kwa maoni yake ubongo ndio unaogawa nguvu, na unafanya hivyo kwa tahadhari, kama mweka hazina wa kikoba anayekataa kutoa fedha yote hata wanachama wakilia shida. Uchovu, kwa mtazamo huo, ni onyo linalotolewa mapema ili mwili usifike kwenye hatari.

Samuele Marcora, Mtaliano aliyefanya kazi Bangor, Wales, alikwenda njia nyingine. Yeye anasema kinachoamua ni jinsi mtu anavyouhisi ugumu wa kazi na jinsi anavyotaka kuendelea. Mwaka 2009 yeye na wenzake walichapisha jaribio ambalo kila mfanyakazi anayeishi Kibaha na kufanya kazi mjini angelielewa bila kufafanuliwa. Washiriki walifanyishwa kazi ngumu ya akili kwenye kompyuta kwa dakika 90, kisha wakapanda baiskeli ya mazoezi hadi washindwe. Siku nyingine walipanda baiskeli hiyo hiyo baada ya kutazama filamu zisizochosha akili.

Walipotoka kwenye kazi ya akili walishindwa baada ya wastani wa sekunde 640. Walipokuwa wametulia walikwenda sekunde 754. Moyo na mapafu havikuonyesha tofauti ya kueleza pengo hilo. Tofauti ni kwamba akili ikiwa imechoka, tangu mwanzo walihisi kazi ni ngumu zaidi.

Sasa mfikirie mtu aliyeshinda ofisini Posta au Kariakoo, akasimama kwenye basi tangu Ubungo, akafika Maili Moja jua limezama. Anavaa raba ili atimize ratiba. Hajafika mbali kichwa kinamwita mvivu. Si mvivu. Misuli yake ni mizima na akili yake imeshatumika, na hilo ni jambo la kulala mapema na kukimbia alfajiri, si la kujitukana.

Nyimbo za Ruvu

Kambi ya JKT Ruvu iko Mlandizi, ndani ya Kibaha. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 10, 1963, na tangu mafunzo kwa wahitimu wa kidato cha sita yaliporejeshwa mwaka 2013, maelfu ya vijana kutoka mikoa yote wamepitia kambi kama hii. Wengi wao hawakuwahi kukimbia mbali maishani mwao. Wanafika wakiwa na mabegi na hofu, na baada ya muda wanakimbia asubuhi gizani, kikosi kizima, wakiimba nyimbo za chenja.

Aliyewahi kukimbia mchakamchaka, jeshini au shule ya msingi, anajua kinachotokea. Kiongozi anaita, kundi linaitikia, miguu inatua pamoja. Mdomo ukiwa na kazi, kichwa kinakosa nafasi ya kulalamika. Ukitaka kusimama, mwenzako wa nyuma atakukanyaga visigino. Hakuna anayekuuliza unajisikiaje, na kwa nusu saa hiyo ni nafuu kubwa.

Vikundi vya jogingi vya Kibaha na Kisarawe vimeirithi dawa hii moja kwa moja. Wazee wengi wanaoongoza nyimbo mbele ya vikundi hivyo walizijifunza JKT ujanani. Na wapo wanaofanya kazi hiyo hiyo kimya kimya: waliotoka msikitini baada ya swala ya alfajiri wakikimbia na uradi wao, wengine na sala fupi inayorudiwa kila hatua nne.

Kuna siri ndani ya nyimbo ambayo watu hawaitaji. Huwezi kuimba ukiwa unakimbia kwa kasi inayokuzidi. Pumzi haitoshi. Wimbo unalilazimisha kundi zima liende mwendo ambao mtu anaweza kutoa sauti, na mwendo huo ndio hasa unaomfaa anayeanza. Mtu akiwa peke yake na simu inayomhesabia kilomita, huanza kwa fujo, hukata moto njiani, kisha hukaa na huzuni akidhani ameshindwa kiroho. Alianza kwa kasi mno. Nusu ya mawazo mabaya ya mpando wa Kisarawe huzaliwa kwenye tambarare iliyotangulia, pale mtu alipojisikia vizuri.

> Huwezi kuimba ukiwa unakimbia kwa kasi inayokuzidi.

Lakini kundi nalo lina gharama yake. Kuna anayebaki kwenye mstari kwa aibu tu, huku kifua kinabana.

Wanaosema sikiliza

Mwaka 1977 watafiti wa Marekani, William Morgan na Michael Pollock, walichapisha matokeo ya mazungumzo yao na wakimbiaji wa masafa marefu. Wakimbiaji wa kawaida walikuwa na mbinu za kuukimbia mwili: mmoja anajenga nyumba kichwani, mwingine anakumbuka masomo, mwingine anapanga hesabu. Wale wa daraja la juu walifanya kinyume. Walikuwa wakiukagua mwili muda wote, pumzi, mabega, nyayo, tumbo, na kurekebisha kasi kwa kile walichokisikia.

Kwa Pwani yetu upande huu una hoja nzito. Joto la hapa lina unyevu, hasa kati ya Desemba na Machi, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Mkimbiaji aliyeziba masikio kwa muziki au kwa wimbo wa kundi anaweza kupitwa na dalili ambazo hazitakiwi kushindwa kwa moyo wa ushujaa: baridi na vipele vya kusisimkwa katikati ya jua, kizunguzungu, kichefuchefu, kuanza kuyumba, kuongea maneno yasiyoeleweka. Hapo hakuna mjadala wa fikra. Mtu anawekwa kivulini, anamwagiwa maji, anapelekwa hospitali.

Maumivu ya kifua yanayosambaa kwenye mkono au taya yana sheria hiyo hiyo. Vilevile, watu wenye chembe moja ya urithi wa selimundu, ambao hapa Tanzania ni wengi na wengi wao hawajui kwamba wanayo, wanaweza kuzimika wakijilazimisha kupita kiasi kwenye joto bila maji. Kwao udhaifu wa ghafla wa misuli si uvivu hata kidogo.

Halafu kuna malaria. Hili nimelitazama kwa miaka na bado linaniumiza. Mtu anaamka miguu mizito, mgongo unauma kidogo, hana hamu. Amesoma mahali kwamba asisikilize visingizio. Anapiga moyo konde, anatoka, anakimbia hadi eneo la Kwa Mathias na kurudi, jioni ana homa kali. Kile alichokiita sauti ya kukata tamaa kilikuwa habari sahihi kabisa kutoka kwenye damu yake.

Deni la Akhwari

Kila mwalimu wa riadha nchini ana mfano mmoja wa kumaliza ubishi huu, nao ni John Stephen Akhwari wa Mbulu. Oktoba 20, 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, jiji lililo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, alianguka katikati ya kundi la wakimbiaji, akaumia goti na bega. Alifungwa bendeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshashinda zaidi ya saa moja kabla, na watu walikuwa wameanza kuondoka uwanjani, Akhwari alipoingia akichechemea. Alimaliza wa 57, wa mwisho, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27.

Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili elfu tano kuanza mbio bali kuzimaliza. Jibu hilo limezunguka dunia.

Ninamheshimu mzee huyu kuliko mwanamichezo yeyote wa taifa hili, na kwa heshima hiyo hiyo napinga namna anavyotumiwa. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza siku ile, 18 hawakumaliza. Walikuwa wanaume wa kiwango cha Olimpiki na walisimama. Hakuna aliyewaita waoga. Akhwari mwenyewe alikuwa na jeraha analoliona, lililotibiwa, na alikuwa na sababu ambayo kwake ilikuwa kubwa kuliko goti. Alichagua akijua anachokichagua, katika siku ambayo hutokea mara moja katika maisha.

Mazoezi ya Jumamosi kati ya Kajiungeni na Kisarawe si siku hiyo. Kumsimulia Akhwari mtu mwenye kifua kinachobana ili asisimame ni kumtumia vibaya mtu mwema.

Hofu isiyo ya kichwani

Upande mwingine ambao vitabu vya kujenga moyo huupita haraka ni wa wanawake. Mwanamke anayetoka Picha ya Ndege saa kumi na moja alfajiri peke yake ana mawazo ya aina yake: pikipiki ile inapunguza mwendo kwa nini, kichaka kile kina nani, nikipiga kelele nani atasikia. Kumwambia awaze mema ni kumdharau.

Mawazo hayo yanatibiwa kwa taa za barabarani, kwa kukimbia watatu au wanne, kwa njia za waenda kwa miguu zisizogeuzwa maegesho ya bodaboda. Barabara ya Morogoro imepanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, lakini malori ya Zambia na Kongo hayapungui, na kuvuka njia nane alfajiri kunataka macho kuliko ujasiri. Barabara ya ndani kutoka Kiluvya kwenda Mpuyani, inayokatiza mashamba ya mikorosho hadi Kisarawe, ina utulivu zaidi, lakini utulivu kwa mwanamke aliye peke yake ni suala jingine.

Wanawake wa vikundi vya Kibaha wamelimaliza jambo hili kwa vitendo. Wanapitiana nyumbani, mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayeachwa nyuma peke yake hata akitembea. Kwa upande wa wilaya na halmashauri, taa bado ni deni.

Maneno ya kujiwekea akiba

Toa sasa zile habari za kweli: homa, joto, kifua, mtu kichakani. Kinachobaki ni kingi bado. Kinabaki kile kichwa kinachosema huwezi, umezeeka, wenzako wanakucheka. Hicho kinafanywaje?

Kukifukuza moja kwa moja hakusaidii. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner wa Marekani aliwaomba watu wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila akiwajia. Kengele zililia tena na tena. Kwa waliokatazwa, waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, dubu alirudi kwa wingi kuliko kwa wale ambao hawakukatazwa tangu awali. Mkimbiaji anayejiambia asifikirie uchovu anaufanyia uchovu kazi yake.

Kinachoonekana kusaidia ni kuijibu sauti kwa maneno yaliyoandaliwa nyumbani. Mwaka 2014 Anthony Blanchfield, Marcora na wenzao walichapisha utafiti wa watu 24 waliopanda baiskeli hadi kushindwa. Nusu yao walifundishwa kuchagua sentensi zao wenyewe, baadhi za mwanzo wa kazi na baadhi za mwishoni, wakazitumia mazoezini kwa wiki mbili. Waliporudi kwenye jaribio walidumu asilimia 18 zaidi, tena waliuona ugumu kuwa mdogo. Wale wengine hawakusogea. Utafiti mwingine wa Wales, wa 2019, ulionyesha kwamba waendesha baiskeli waliojisemesha kwa "wewe" walikwenda kasi kuliko waliojisemesha kwa "mimi".

Kiswahili kina utajiri wa maneno ya namna hiyo na watu wa Pwani wanayatumia kila siku bila kuyaita saikolojia. Kaza. Bado kidogo. Twende mama. Fika kwenye nguzo ile kwanza. Lakini lazima maneno yawe ya kweli. Anayejiambia hajachoka wakati miguu inatetemeka anabishana na shahidi aliyeona. Anayejiambia "umechoka, na mkorosho ule unafikika" amesema ukweli mara mbili, na kichwa hakina cha kupinga. Akifika kwenye mkorosho anachagua tena, nguzo au kibao cha barabara, hadi mpando unaisha akiwa hajawahi kuupanda wote kwa mara moja akilini.

Hata mabingwa wanaamua hatua kwa hatua. Septemba 15, 2025, katika marathoni ya mashindano ya dunia, kwenye joto na unyevu wa Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida aliingia uwanjani akiwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros, baada ya kilomita 42. Zilipobaki mita chache tu, Petros alikuwa bado mbele. Wakavuka kwa muda mmoja kwenye ubao, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ikaamua: Simbu kwa sekunde 0.03. Yeye mwenyewe hakujua kwamba ameshinda mpaka alipoliona jina lake kwenye skrini. Katika mita zile za mwisho hakuwa na uhakika wowote wa kumpa nguvu. Alikuwa na mstari wa kumalizia tu, na aliukimbilia bila kujua matokeo. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

> Anayejiambia "umechoka, na mkorosho ule unafikika" amesema ukweli mara mbili.

Neno "mvivu" linaanzia shuleni

Nimeacha mwishoni jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi, yaani sauti ile inatoka wapi.

Watu wazima wengi wanaoanza kukimbia wakisimulia kile kichwa kinachowaambia, maneno yanafanana na ya mwalimu wa zamu. Mvivu. Goigoi. Wenzako wote wamefika. Ni maneno ya uwanja wa shule, asubuhi, mchakamchaka ukiwa umemwacha mtoto mnene au mtoto aliyelala bila chakula. Mtoto wa darasa la nne akiyasikia kila wiki, ukubwani hahitaji mtu wa kumwambia. Anayo ndani.

Kibaha na Kisarawe zina shule zenye viwanja vizuri: Kibaha Sekondari, iliyozaliwa na mradi wa nchi za Nordiki miaka ya 1960, Minaki yenye miteremko yake, shule za Bayi kule Mkuza. Kila mwaka watoto huchujwa kwa ajili ya mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Mwenye kasi anapigiwa makofi, na wanaobaki nyuma, ambao ndio wengi na ndio watakaohitaji mazoezi wakiwa na miaka arobaini, wanabaki na lile neno.

Mwalimu wa michezo hahitaji bajeti kulibadilisha hili. Anaweza kuwaweka wenye mwendo mdogo mbele ya mstari ili wao ndio waamue kasi na wimbo. Anaweza kumuuliza mtoto aliyesimama, kichwa kilikwambia nini ulipofika kwenye lile goli, akasubiri jibu. Watoto hujibu swali hilo vizuri sana, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza. Wengine watasema waliogopa kuchekwa, na hao wanaweza kupewa sentensi ya kujijibu na mwenzao wa kukimbia naye. Mwingine atasema alisikia baridi. Huyo apelekwe zahanati akapimwe. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa majibu ndani ya dakika kama ishirini, na akirudi na karatasi inayosema hana, mwalimu atajua pa kuanzia naye kesho yake asubuhi.